Nyota Yenye Mkia na Kisima

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba mwaka 2024, nyota yenye mkia ilionekana alfajiri upande wa mashariki, juu ya nyanda za Kinna. Niliwaamsha wanafunzi wa bweni saa kumi na nusu, nao wakatoka wamejifunika mablanketi, wengine wakinung'unika, maana usingizi wa saa hiyo ni mtamu kuliko asali. Kinna iko karibu sana na mstari wa Ikweta, mahali ambapo vilima vya Nyambene huachwa nyuma na nchi kavu ya Waborana huanza. Taa za umeme ni chache, na usiku usio na mwezi anga lake huwa jeusi kama masizi. Hatukungoja sana. Juu kidogo ya upeo wa macho ilisimama nyota hafifu, na mkia wake ulielekea juu kama moshi wa moto uliowashwa mahali pasipo na upepo.

Wazee waliokuwa wakienda msikitini kwa sala ya alfajiri walisimama njiani. Walitutazama sisi kwanza, kisha wakatazama kule tulikokuwa tukitazama. Mmoja wao, mtu mwenye heshima kubwa hapa mjini, akanijia. Nilimtolea salamu, akaipokea, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usiwaonyeshe watoto kitu hiki kama mchezo. Kikionekana, kuna jambo."

"Jambo gani, mzee wangu?" nikamwuliza.

"Hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini tangu lini heri ikaja usiku, watu wamelala?"

Akaenda zake kuswali. Neno lake lilinikumbusha swali ambalo mwanafunzi mmoja aliniuliza miaka miwili kabla ya asubuhi ile, nami sikulijibu kama ilivyopasa. Insha hii ni jaribio la kulijibu. Swali lenyewe, nikiliondolea maneno ya mwanafunzi na kuliweka katika maneno yangu, ni hili: je, ni haki mwanadamu kutumia mali na umri wake kuzichunguza nyota za mbali, ilhali jirani yake ana kiu?

Kwanza niseme kidogo juu ya hofu, kwa sababu mzee yule hakuwa peke yake wala hakuwa mjinga. Nyota zenye mkia zimewatisha watu wa kila taifa. Waingereza waliiona moja katika mwaka 1066, mwaka ambao mfalme wao Harold aliuawa vitani, na picha yake ikashonwa kwa nyuzi katika kitambaa kirefu ambacho kimehifadhiwa Ufaransa hata leo. Kwa muda wa karne nyingi wenye elimu wa Ulaya waliamini, kwa kumfuata Aristotle, kwamba nyota hizi si nyota bali ni mvuke uliowaka moto katika hewa yetu. Mwaka 1577 Tycho Brahe wa Denmark alipima moja kwa makini akakuta kwamba iko mbali kupita mwezi. Tangu hapo hofu ilipaswa kupungua, kwa kuwa kitu kilicho mbali kuliko mwezi kina shughuli zake chenyewe.

Walakini haikupungua, na hapa pana jambo la kuchekesha na la kusikitisha pamoja. Wataalamu waliochunguza nuru ya nyota hizo waligundua katika karne ya kumi na tisa kwamba zina gesi ya sumu iitwayo sayanojeni. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Basi mwaka 1910, ilipotangazwa kwamba dunia itapita katika mkia wa nyota ya Halley, watu wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani walishikwa na fadhaa. Waliziba matundu ya milango, na wajanja wakawauzia vidonge vya kujikinga na nyota. Dunia ikapita mwezi wa Mei, na hakuna mtu aliyedhurika, maana mkia huo ni mwembamba mno. Hewa iliyomo ndani ya chupa tupu ni nzito kuliko huo mara nyingi sana. Waliofadhaika hawakuwa watu wasiojua kusoma. Walikuwa wasomaji wa magazeti. Walijua kwamba sumu ipo, hawakujua ni kiasi gani, na nusu hiyo ya elimu iliwatisha kuliko kutojua kabisa. Nimekuwa nikimheshimu zaidi mzee wa msikitini tangu nilipolifikiri jambo hili. Yeye alisema hajui, hakuuza vidonge.

Edmond Halley, ambaye nyota hiyo imepewa jina lake, aliiona mwaka 1682. Alipekua maandishi ya zamani akaona kwamba nyota ya mwaka 1531 na ile ya 1607 zilipita njia ile ile, akakata shauri kwamba si nyota tatu bali ni moja irudiyo kila baada ya miaka sabini na sita hivi. Akatabiri kwamba itarudi mwaka 1758. Alikufa mwaka 1742. Usiku wa Krismasi wa mwaka 1758, mkulima mmoja wa Ujerumani aitwaye Johann Palitzsch, aliyekuwa amejifundisha mwenyewe elimu ya falaki, aliiona ikija. Napenda wanafunzi wangu wamfikiri mkulima huyo zaidi ya Halley. Kutwa nzima alikuwa na kazi ya shamba, na usiku alipata muda wa kuthibitisha neno la marehemu.

Tangu wakati huo maarifa yalikwenda polepole, kisha yakaenda mbio. Mwaka 1950 Fred Whipple wa Marekani alisema kwamba kiini cha nyota yenye mkia ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi. Likikaribia jua, barafu hugeuka mvuke, na mvuke huchukua vumbi, na huo ndio mkia. Neno lake lilithibitishwa mwaka 1986, nyota ya Halley iliporudi na kukuta vyombo vya Warusi, vya Wajapani na vya Ulaya vikiingoja angani. Chombo cha Ulaya kilichoitwa Giotto kilipita kilometa zipatazo 600 tu kutoka kwenye kiini chake, kikapigwa na chembe za vumbi hata kamera yake ikaharibika. Lakini kabla ya hapo kilikuwa kimekwisha kutuma picha za jiwe la barafu lenye urefu wa kilometa kumi na tano hivi, jeusi kuliko makaa.

Kisha ikaja safari ambayo ndiyo iliyoleta swali la mwanafunzi wangu. Tarehe 2 Machi 2004 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha chombo kiitwacho Rosetta. Kilisafiri miaka kumi. Kwa muda wa miezi thelathini na mmoja kilizimwa karibu vyombo vyake vyote ili kulinda nguvu yake, kikawa kama mtu alalaye njiani, na tarehe 20 Januari 2014 kikaamka chenyewe kwa saa iliyopangwa na kuleta salamu duniani. Mwezi wa Agosti mwaka huo kilifika kwenye nyota ambayo Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko waliigundua mwaka 1969, kitu chenye upana wa kilometa nne tu. Tarehe 12 Novemba kilidondosha juu yake chombo kidogo, Philae. Wakati huo nilikuwa nikijifunza ualimu, na nakumbuka tulivyosongamana mbele ya televisheni ya chuo. Chombo kidogo kiligusa, kikaruka, kikagusa tena, kikakwama mwisho katika kivuli cha jabali ambako jua halikukifikia. Kilifanya kazi kwa muda wa siku mbili na kitu, hata betri yake ikaisha. Rosetta yenyewe iliendelea kuizunguka nyota ile mpaka tarehe 30 Septemba 2016, ilipoteremshwa juu yake na kunyamaza.

Kilikwenda kutafuta nini? Pamoja na mambo mengine, kilikwenda kuuliza habari za maji. Wataalamu walikuwa wakidhani kwamba bahari zetu huenda zililetwa na nyota kama hizo, zilizoipiga dunia ilipokuwa changa. Maji yote si sawa: katika kila maji mna haidrojeni ya kawaida na kiasi kidogo sana cha haidrojeni nzito, na kiasi hicho ni kama alama ya ukoo. Rosetta ilipima mvuke wa nyota ile ikakuta haidrojeni nzito imezidi ile ya bahari zetu zaidi ya mara tatu. Basi maji yale si ndugu wa maji yetu. Lakini nyota nyingine, Hartley 2, iliyokuwa imepimwa mwaka 2010, ilionekana inafanana na bahari. Shauri halijakatika. Hata hivyo katika vumbi la nyota zile, lile la Wild 2 ambalo chombo cha Marekani kililirudisha duniani mwaka 2006, na lile lililopimwa na Rosetta, ilipatikana glisini, kitu kimoja katika vile ambavyo miili yote yenye uhai imejengwa kwavyo.

Habari hizi nilizifundisha darasani mwaka 2022. Msomaji wa sehemu zetu hahitaji kuambiwa mwaka ule ulikuwaje. Mvua zilikuwa zimekosa tangu mwisho wa mwaka 2020, msimu baada ya msimu. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa katika ukame ule. Madawati mengi yalikuwa matupu, kwa kuwa vijana walikuwa wamekwenda na wanyama wachache waliobaki kutafuta majani. Nilipomaliza kueleza, kijana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono.

"Mwalimu, chombo hicho kilikwenda kutafuta maji?"

"Ndiyo, kwa namna fulani."

"Kwa fedha ngapi?"

Nilimwambia kwamba ziligharimu euro zipatazo bilioni 1.4.

"Basi wamekwenda mbali sana kutafuta maji," akasema. "Sisi tuko karibu."

Hakuna aliyecheka. Naona haya kuliandika jibu nililompa. Nilimwambia kwamba sayansi ni mali ya wanadamu wote, kwamba swali lake halimo katika mtihani, na akae chini. Akakaa. Juma lile lile akaondoka kwenda kumsaidia baba yake, na dawati lake nalo likawa tupu.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini ningeweza kumjibu. Yapo majibu mepesi. Ningeweza kusema kwamba fedha zile hazikuwa zetu. Wenyewe walipiga hesabu wakasema kila mtu wa Ulaya alichangia kiasi cha euro tatu na nusu katika muda wa miaka ishirini, na hakuna ajuaye kama wangezitoa kwa ajili ya visima vya Isiolo lau Rosetta isingalijengwa. Hilo ni kweli, lakini ni jibu la mwenye duka, na swali lilikuwa la haki. Ningeweza pia kusema kwamba uchunguzi wa anga huzaa vitu vyenye manufaa duniani. Hilo nalo ni kweli, na mimi sipendi kulitumia, kwa sababu linakubali kimyakimya kwamba maarifa yasiyojaza tumbo hayana thamani. Kama ndivyo, tufunge nusu ya masomo ya shule.

Watu husema kwamba elimu ya nyota ni anasa ya wenye shibe. Nchi yetu yenyewe inalikanusha neno hilo. Waborana walikuwa na wajuzi wao, ayyaantu, waliohifadhi hesabu ya siku na miezi kwa kuulinganisha mwezi na nyota maalumu, mojawapo ikiwa kile kikundi ambacho Waswahili hukiita Kilimia. Siku zao zina majina ishirini na saba, na mwaka wao una miezi kumi na miwili ya mwandamo. Wajuzi hawa hawakutumia karatasi. Yote yalikuwa kichwani. Nao hawakuishi katika nchi ya neema. Waliishi katika nchi hii hii, yenye njaa zake na kiu zake, na watu waliona kwamba mtu ajuaye mbingu ana kazi miongoni mwao. Vile vile, upande wa kusini wa Ethiopia vipo visima virefu vya Waborana viitwavyo tula, ambavyo huteka maji kwa watu kusimama mmoja juu ya mwenziwe wakipokezana ndoo na kuimba. Waliovichimba walikufa zamani sana. Hawakuwajua watakaokunywa, kama vile Halley asivyomjua Palitzsch. Naona kazi hizi mbili ni za jamii moja, na mtu aliyeziweka pande mbili za mizani alikosea tangu mwanzo.

Wala Kenya si mgeni katika habari za anga. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliani walirusha setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kufanya kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni peke yake. Kwa kuwa ilikuwa siku ya sikukuu yetu, ikapewa jina la Uhuru. Jina la Kiswahili likaingia katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na mkuu wa kazi ile, Riccardo Giacconi, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sisi tulitoa bahari, na siku, na jina. Mtu akiniuliza ni Wakenya wangapi waliosoma habari zilizoletwa na Uhuru, nitanyamaza, na ninadhani kunyamaza huko ndiko kunakoniuma kuliko bei ya roketi.

Lakini sijafika bado kwenye kiini cha swali. Nilikifikia siku niliporudi kusoma habari za ukame ule. Mwezi wa Agosti mwaka 2022, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD, kilicho hapa hapa Kenya, kilitangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zitakuwa haba, na kwamba utakuwa msimu wa tano mfululizo wa namna hiyo. Walijuaje? Walijua kwa sababu watu hutazama: setilaiti hupima joto la bahari na mawingu, na hesabu hufanywa. Mvua ikawa haba kama walivyosema. Basi mbingu zilikuwa zimetazamwa, na habari ilikuwa imeletwa mapema, na mifugo walikufa vile vile.

Hapa nadhani mwanafunzi wangu alikuwa na haki katika uchungu wake, lakini alimshtaki asiyehusika. Aliyeutazama mkia wa nyota hakumnyang'anya mtu ndoo. Kosa limo katika nafasi iliyopo baina ya kujua na kutenda. Mjuzi wa Waborana alipohesabu siku, neno lake lilifika kwa watu ambao angelala nao karibu na moto ule ule usiku; hakuweza kujua kisha akaenda zake. Elimu ya leo yaweza kujua kutoka Nairobi, au Geneva, ikaandika yale inayoyajua kwa lugha ambayo mfugaji wa Kinna haisomi, ikaona kwamba imemaliza wajibu wake. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo darasani. Nilimweleza kijana uzito wa haidrojeni iliyo mbali kilometa milioni mia tano, na habari ya Agosti iliyomhusu baba yake sikuwa nayo, wala sikuwa nimeitafuta, ingawa ilikuwa imetangazwa kwa wote.

Je, mtu atasema basi tuache nyota mpaka kila kisima kiwe kimechimbwa? Siwezi kukubali. Siku hiyo haitafika kamwe kwa njia hiyo, na taifa lisilo na watazamaji wake litaambiwa mambo yake na watazamaji wa wengine, kwa wakati wao na kwa bei yao. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake, Taifa-1, iliyojengwa kwa shilingi zipatazo milioni hamsini ili ipige picha za mashamba, misitu na ukame. Ni ndogo, na ilirushwa na roketi ya Wamarekani. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, ingawa nangojea bado kuona ni nani atakayezichukua picha zake na kuzileta penye zizi.

Kijana yule alirudi shuleni mwaka 2023, baada ya mvua. Alikuwa amerefuka na alizungumza kidogo. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, jambo ambalo walimu wenzangu waliliona ni la ajabu. Alfajiri ile ya Septemba 2024 alikuwa katika kidato cha nne, na yeye ndiye aliyepima mkia wa nyota kwa kunyosha mkono na kuhesabu vidole, kama nilivyowafundisha. Hesabu za wataalamu zaonyesha kwamba nyota ile yamkini haitarudi tena. Nikawaambia kwamba ya Halley itarudi mwaka 2061, na kwamba mimi nikijaliwa kuiona nitakuwa mzee wa kushikwa mkono, lakini wao watakuwa watu wazima wenye nguvu. Wakaandika mwaka huo nyuma ya madaftari yao.

Kulikuwa kumekwisha kupambazuka. Wazee walikuwa wakitoka msikitini, na upande wa chini ulisikika mlio wa ngamia wakipelekwa mtoni. Kijana akaniuliza, "Na mto wetu, Mwalimu, nao umepigiwa hesabu, kama utakuwapo mwaka 2061?"

Nikamwambia kwamba simjui mtu aliyeipiga. Akaliandika swali lake chini ya ule mwaka, kisha kengele ikalia.